Nani Anabeba Viti

Nabwire hakulia, na majirani hawakumsamehe. Kule Namuwongo, bondeni karibu na reli, mke aliyepotelewa na mume anapiga mayowe mpaka watu watoke na vigoda vyao waje kukaa matanga. Lakini matanga ya nani, jamani, na mwili hakuna? Oketch, mume wake, alichukuliwa saa nne asubuhi, saa ya chai, kutoka shule ya Ntinda alikokuwa mtunza stoo. Watu wawili waliovaa miwani ya jua walimwambia aweke kikombe chini, wakamtia kwenye buti la gari, wakaondoka bila hata kukimbiza gari. Ulikuwa mwaka wa sabini na sita, miezi ile ambayo kuwa Mkenya mjini Kampala kulitosha kuwa kosa.

Binti yao Aoko, wa miaka kumi na minne, siku hiyo alikuwa amempelekea baba yake ufunguo aliousahau nyumbani. Aliliona buti likifungwa. Tangu hapo hakutamka neno. Anakula, anafua, anachota maji, mdomo umefungwa. Hofu zote za Nabwire zilikuwa zimekufa ganzi isipokuwa moja: kwamba mtoto huyu hatasema tena.

Nabwire mwenyewe alikuwa mpiga chapa wa shule ileile. Kila Ijumaa kazi yake ilikuwa kutoa nakala ishirini za orodha ya wafanyakazi wa kupewa mgao wa sukari. Stensili, zile karatasi za nta zinazopigwa taipu na kutiwa kwenye mashine ya kudurufu, hazikupatikana madukani, kwa hiyo moja ilitunzwa, ikaning'inizwa kabatini na kutumika wiki baada ya wiki. Jina likitakiwa kutoka, unalipaka ile dawa nyekundu kwa kiburashi, unapuliza, matundu ya herufi yanazibika na wino haupiti tena. Wapiga chapa wote wanajua pia kwamba dawa ikishakauka unaweza kupiga herufi mpya juu yake. Ndiyo kazi iliyotengenezewa.

Ijumaa ya wiki ile ya Oketch, mwalimu mkuu alisimama mlangoni akavitazama viatu vyake. Alikuwa Mganda mstaarabu, mtu wa kanisani. Akasema kwa sauti ya chini, kwa heshima ya Kiganda, "Nnyabo, ile orodha. Sukari ni ya waliopo."

Nabwire akachukua kiburashi. Akapaka namba kumi na saba, Oketch, stoo. Akapuliza. Akaizungusha ile mashine ya kudurufu mara ishirini, na kati ya kumi na sita na kumi na nane pakatoka peupe. Hakuhisi kitu. Alihisi njaa kidogo, basi.

Hadithi ilianza kwa bahati tu. Mchana mmoja alikuwa akijaribu utepe mpya wa taipureta, akapiga sentensi iliyomjia: kulikuwa na mji ambao mtu akichukuliwa, kiti chake kinatolewa nyumbani kabla jua halijatua, na anayeuliza kiti kiko wapi, chake nacho kinatolewa. Karatasi hiyo aliifungia chumvi akaenda nayo nyumbani. Aoko akaifungua, akasoma, akamwaga chumvi kwenye kopo. Kesho yake, wakimenya viazi, mtoto akasema, "Wanakula nini?"

Sufuria ilimponyoka Nabwire. Wiki saba bila neno, na neno lenyewe ni hilo!

"Nani, mwanangu?"

"Watu wa mji huo."

Nabwire akasema mihogo. Aoko akauliza nani analima kama watu wanachukuliwa kila siku. Nabwire akasema ataandika.

Ndivyo ilivyokuwa toka hapo. Kila mchana, wenzake wakienda kula, yeye anapiga ukurasa mmoja nyuma ya karatasi zilizoharibika, na kila jioni Aoko anausoma na kuhoji. Anazungumza juu ya mji ule tu. Ukimuuliza juu ya shule, kimya. Lakini habari ya mji, lo, alikuwa mkali kuliko mkaguzi wa serikali. Mji usiwe na jina, alisema, maana watu wanaoogopa majina hawawezi kuupa mji wao jina. Redio iimbe kutwa, ili mtu asisikie jirani akiitwa. Watoto wafundishwe hesabu za kujumlisha tu, kutoa kusifundishwe. Nabwire alipoandika kwamba msichana mmoja alitoroka akaokolewa na mfalme wa nchi jirani, Aoko alirudisha ukurasa. Hakuna mfalme, akasema.

Pélagie, Mkongo aliyekuwa akikaanga mandazi nyumba ya pili, hakupendezwa. Yeye alikimbia vita vya kwao na watoto watatu, akafika na wawili, na aliona ana haki ya kusema. "Mama Aoko, mutoto anataka hadizi ya sungura na fisi. Hizi giza zako utamuua nazo."

Nabwire alimjibu kwamba mtoto aliyeliona buti lile likifungwa haendi tena kwa sungura. Pélagie akasonya, kisha akawapa mandazi mawili, maana hakuwa mtu mbaya.

Siku moja ukurasa ulisahaulika ndani ya taipureta, na mwalimu mkuu akausoma. Mtu mwingine angempeleka Nabwire pabaya. Yeye aliuliza mji huo uko wapi. Wa kubuni, Nabwire akasema. Mzee akafikiri, akasema, "Ubuni mbali zaidi." Nabwire akauhamishia ng'ambo ya jangwa, na jioni Aoko akauliza mbona wamehama.

Kisha likaja swali. Nabwire alikuwa ameandika kwamba viti vinabebwa na askari. Aoko akatikisa kichwa.

"Askari wana haraka. Wanachukua mtu, wanaondoka. Nani anabeba viti?"

Nabwire akasema ataandika, na Aoko akafunga mdomo akisubiri jibu. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nabwire akaandika kwamba wanaobeba ni majini, Aoko akarudisha. Akaandika kwamba kuna mashine, Aoko akarudisha. Wiki ikapita, na ile hofu moja iliyobaki hai ikaanza kumla.

Ijumaa mwalimu mkuu alikuja tena kuvitazama viatu vyake. Masinde wa jiografia, namba tisa, hakuwa ameonekana tangu Jumanne. Nabwire akachovya kiburashi. Kilipogusa karatasi ndipo alipoelewa, na uelewa wenyewe haukuwa na kishindo. Hakuna askari aliyewahi kuingia ofisini mle kuuliza habari ya orodha. Hakuna barua iliyokuja. Akapaka, akapuliza, akaenda nyumbani jua likiwa bado juu.

Alimkuta Aoko anapanga kuni. "Mke wa aliyechukuliwa ndiye anabeba viti," akamwambia.

Aoko akageuka. "Kwa nini?"

"Ameambiwa sukari ni ya waliopo."

"Analia?"

"Halii. Anapuliza dawa ikauke." Halafu akamweleza yote, kabati, kiburashi, namba kumi na saba.

"Mama, kumbe ni wewe."

"Ni mimi, mwanangu."

Aoko akarudi kwenye kuni zake. Hakusema kitu jioni ile, wala wiki nzima iliyofuata, na Nabwire akajua amempoteza, na kwamba safari hii hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Ijumaa iliyofuata, kabla ya kutoa orodha, aliufunga mlango. Akaitia stensili kwenye taipureta, akatafuta mstari wa kumi na saba, na juu ya dawa iliyokauka akapiga tena: Oketch, stoo. Akatoa nakala moja. Moja tu. Kisha akachukua kiburashi akapaka upya, akapuliza, akatoa zile ishirini, na kati ya kumi na sita na kumi na nane pakawa peupe kama kawaida. Ile moja aliikunja akaitia kiatuni. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alipekua kikapu, akachukua sabuni, akampungia mkono apite.

Nyumbani akampa Aoko. Mtoto akaikunjua, akaketi kizingitini, akaanza kusoma kwa sauti, moja, mbili, jina na kazi, jina na kazi. Tisa akaipita, ilikuwa peupe. Alipofika kumi na saba hakusita. "Oketch, stoo," akasema, akaendelea hadi thelathini na moja.

"Na nakala nyingine?"

"Nimepaka tena."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Aoko akaikunja karatasi. "Basi andika hivyo. Kwamba anavibeba yeye. Na kwamba siku moja alikirudisha kiti kimoja, akakitazama, akakibeba tena."

Nabwire akachukua kalamu. Akaandika neno la kwanza, akalikata, akaliandika tena, akalikata. Aoko akamnyang'anya kalamu taratibu, akaandika yeye.