Seremala na Mke Mwenza wa Bati

Jumatatu, saa moja asubuhi. Ukungu bado umelalia mashamba ya tumbaku, maili kumi na mbili kutoka Iringa kwa njia ya Mafinga, na Sedekia Mgaya, seremala, amepiga magoti mbele ya gari. Hasali, ingawa mpita njia mwenye adabu angeweza kudhani hivyo akavua kofia. Anagonga mlango wa gari kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anasogea inchi mbili, anagonga tena.

"Mzima," anasema, bila kumwambia mtu.

Hatua ishirini kutoka hapo, Muhidini Ahmadi, fundi makanika, anasugua gari jingine kwa kitambaa cha flana. Mafundi hawa wawili wanamtumikia bwana mmoja, wanakula chakula cha mchana chini ya paa moja, na kwa siku kumi na moja sasa hawajasalimiana. Sababu ni kwamba gari moja kati ya haya mawili lazima liondoke.

Yote mawili ni MG, magari madogo ya Kiingereza. Yote yana viti viwili, hayana paa ila turubai, na yameundwa kwa kukimbia tu. Katika shamba ambalo punda hubeba, lori hubeba na binadamu hubeba, magari haya yana kazi moja, kumbeba Bwana Upesi. Huyo ndiye mwenye shamba, Mgiriki mlima tumbaku. Jina lake halisi limeandikwa kwenye hati za shamba na limebaki huko huko.

Gari la zamani ni la mwaka 1951. Limesimama wima, magurudumu yake yamefunikwa kwa matao, na taa zake mbili zimetokeza kama macho ya mtu aliyetajiwa bei. Wafanyakazi humwita Bi Mkubwa. La pili ni la mwaka jana, 1956. Liko chini, limeviringana, halina kona hata moja, kama sabuni iliyokwisha kutumika nusu. Huyo ni Bi Mdogo.

Wakala alimleta Bi Mdogo ajaribiwe hadi mwisho wa mwezi. Bwana Upesi akitaka kubaki naye, sharti kwanza amuuze Bi Mkubwa. "Tumbaku ya mwaka huu haiwezi kuoa wake wawili," aliwaambia mafundi wake, na tangu siku hiyo amani ikahama shambani.

Msomaji ambaye hajawahi kulichungulia gari la aina hii ndani hajui kwa nini seremala aumie. Chini ya ngozi ya bati ya Bi Mkubwa mna mifupa ya mbao: milango, nguzo, fremu ya viti, vyote mbao. Mifupa ya Bi Mdogo ni chuma.

"Akiondoka huyu, mimi nabaki na nini?" anauliza Sedekia. "Fito za kuanikia tumbaku. Fito hata mbuzi anaweza kuchonga kwa meno."

Sedekia ana umri wa miaka arobaini na sita. Useremala alijifunza kwa mapadri wa Tosamaganga, akaufanyia kazi Mafinga kwa miaka mingi: milango, vitanda vya arusi, na majeneza msimu wa baridi. Mwezi mzuri ulimpa shilingi arobaini. Mwezi mbaya, anasema, ulimpa muda wa kunoa randa.

Mwaka 1953 Bwana Upesi alikwenda Ulaya miezi minne, akamwacha Bi Mkubwa bandani juu ya udongo mtupu. Aliporudi alifungua mlango, na mlango ukabaki mkononi mwake. Mchwa walikuwa wamekula kila walichokiona ni mti, wala hawakusumbuliwa na sifa za gari.

Muhidini aliitwa. Aliangalia, akafuta mikono. "Mimi nafungua injini," alisema. "Sifungui mchwa."

Ndipo lori likatumwa Mafinga kumleta seremala kwa kazi ya siku tatu. Siku hizo tatu sasa zimetimiza miaka minne. Sedekia hulipwa shilingi tisini kwa mwezi na debe la unga, na anapopita sokoni Iringa watu wasiomjua humwonyesha kwa kidole: "Yule ndiye fundi wa mifupa ya gari." Anakiri kwamba siku nyingine hupita sokoni ingawa hana cha kununua.

Mkewe, Atuganile, binti wa Tukuyu, halizungumzi gari hilo kwa upole.

"Kitanda chetu kimelegea mguu mmoja tangu mwaka juzi," anasema. "Nikimwambia, anasema kesho. Lakini huyo bibi yake akikohoa tu barabarani, mwanamume anatoka na nyundo kabla hajavaa shati."

Kwa hiyo Bi Mdogo alipowasili, wivu katika nyumba hiyo ulikuwa na uzoefu tayari. Ulichofanya ni kuhama kutoka kwa mke kwenda kwa mume.

Juma la kwanza Sedekia hakumtazama kabisa Bi Mdogo. Juma la pili alimtazama mno. Alisubiri Muhidini aende kuswali adhuhuri, akainama, akafunua zulia la sakafuni, akapiga kelele hata punda wakasimama.

"Muhidini! Njoo uone! Bibi yako wa chuma amevaa viatu vya mbao!"

Muhidini alimaliza swala yake kwanza, kama ipasavyo. Kisha akaja, akachungulia. "Mbao za kubandikwa kwa gundi hizo, mzee. Hata chai ya Mufindi husafiri ndani ya mbao kama hizo. Chai nayo imekuwa fanicha?"

Hayo yalikuwa maneno yao ya mwisho kwa siku kumi na moja.

Lakini Muhidini, ambaye babu yake alifika Iringa na misafara kutoka Pangani na ambaye hujivunia kwamba hajawahi kuchafua kanzu ya Ijumaa kwa mafuta, alikuwa na kidonda chake. Kwa mwaka mzima Bi Mkubwa alikuwa hapandi vizuri mlima wa Ipogolo, ule wa kuingilia mjini Iringa. Alipanda kwa gia ya pili, akihema, huku malori ya mbao yakimpita. Watu wawili waliofika kutaka kumnunua walimjaribu mlimani hapo, wakamrudisha kwa heshima zote kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Lawama zote zilimwangukia makanika. Alibadilisha plagi. Alifungua kabureta mara tatu. Mwishowe Bwana Upesi akatamka mbele ya watu: "Sedekia anajua kazi. Wewe, Muhidini, unabahatisha."

"Neno lile sikulimeza wala sikulitema," anasema Muhidini. "Nililiweka tu shavuni. Injini ni nzima kama mimi. Nikawa najiuliza, kama moyo ni mzima, mgonjwa anaumwa nini?"

Jibu alilipata Jumatatu hiyo hiyo ya ukungu. Sedekia alipokwenda kuchagua mbao stoo, Muhidini aling'oa mlango mmoja wa Bi Mkubwa na mlango mmoja wa Bi Mdogo, akaibeba hadi kwenye banda la tumbaku, penye mizani ya kupimia marobota. Wanawake wachambuaji tumbaku waliacha kazi. Sedekia akaja mbio, patasi mkononi.

Mlango wa Bi Mdogo ulipimwa: ratili ishirini na tatu.

Mlango wa Bi Mkubwa ulipimwa: ratili hamsini na nane.

"Pima tena," alisema Sedekia.

Ulipimwa tena. Mizani haikubadili maneno.

"Mlango mzito ni mlango wa heshima," Sedekia alisema, lakini sauti yake ilikuwa imekwisha kupungua.

"Heshima ya msikitini au ya garini?" Muhidini aliuliza. "Hii mbao gani umetia?"

"Mninga."

"Unene?"

Zuena, mchambuaji mwenye ulimi mkali kuliko wote bandani, akajibu kwa niaba yake: "Baba Yohane, umemlisha mpaka amenenepa!"

Kicheko kilidumu, na Sedekia alikaa juu ya robota la tumbaku mpaka kilipokwisha. Hapo ndipo ukweli ulipotoka. Kila alipomtengeneza Bi Mkubwa alikuwa ameongeza kidogo. Fremu ya mlango ilikuwa nene mara mbili ya ile ya kiwandani. Fremu ya viti ingeweza kukaliwa na maaskofu wawili pamoja na mizigo yao. Nyuma alikuwa ameweka sanduku la zana lenye kona za kufungamana, ambalo hakuna aliyeliagiza.

"Nilitaka mchwa wakirudi wachoke," alisema.

Mtu mwingine angelia. Sedekia alisimama, akamwendea Bwana Upesi, akamweleza yote mwenyewe, akaomba siku nne. Bwana Upesi alikuna kidevu. Ukweli ni kwamba alimpenda bado Bi Mkubwa. Alisema ndani ya gari hilo mtu huketi kama mtu, na ndani ya jipya hulala kama mgonjwa. "Kama anaweza kupanda tena," alisema, "nitafikiri upya."

Kwa siku nne Sedekia alibomoa kazi ya mikono yake. Anayedhani hilo ni jambo dogo ajaribu kufuta barua nzuri aliyoiandika mwenyewe. Mninga ulitoka, podo ya misitu ya Mufindi ikaingia: mbao nyepesi, nyeupe, zilizorandwa hadi unene ule ule wa kiwandani, wala si unywele zaidi. Sanduku la zana alilitoa mwisho. Muhidini alisimama pembeni akipima kila kipande kilichotoka, na Ijumaa jioni akatangaza jumla: ratili mia na kumi na mbili.

"Tumetoa mtu mzima humo!" alisema Zuena. "Na hakuwa akilipa nauli!"

Jumamosi asubuhi Bwana Upesi aliingia ndani ya Bi Mkubwa, akaenda Ipogolo. Alipanda kwa gia ya tatu. Katikati ya mlima alilipita lori la kahawa kwa kasi iliyompokonya kofia. Alirudi shambani kichwa wazi, anacheka peke yake, akalipiga boneti kofi la mapenzi. Sedekia aliona kofi lile. Anasema kwa dakika arobaini, hesabu yake mwenyewe, hakuwa na adui duniani. Hata Muhidini alimwona kijana mzuri.

Dakika ya arobaini na moja lori la kahawa likaingia shambani.

Mwenye lori alikuwa Bwana Alawi, mfanyabiashara wa Mbeya, mmoja wa wale wawili waliomkataa Bi Mkubwa mlimani. Safari hii yeye ndiye aliyepitwa. Alishuka na kofia ya Bwana Upesi mkononi, akamrudishia, akasema hajawahi kutukanwa vizuri namna ile na gari, na kwamba analitaka leo.

Bwana Upesi aliagiza chai. Alimzunguka Bi Mkubwa mara mbili, akamzunguka Bi Mdogo mara mbili. Kisha akapeana mkono na Bwana Alawi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Bi Mkubwa mnene hakuna aliyemtaka, na angebaki shambani miaka mingi. Alipokondeshwa ili abaki, akachumbiwa.

"Bwana alinijia akaniambia, 'Fundi, umefanya kazi kubwa. Umemuuza,'" anasema Sedekia. "Nikasema asante, bwana. Ningesema nini?"

Hata hivyo alikuwa na swali moja kwa mnunuzi: nani atamtunza?

"Usiwe na shaka, mzee wangu," Bwana Alawi alimjibu. "Ninaye seremala Mbeya, Lutengano. Kijana hodari sana."

"Amewahi kutengeneza gari?"

"Bado. Lakini vitanda vyake, mashallah!"

Sedekia naye alitokea kwenye vitanda, lakini hakulikumbuka hilo wakati huo. Alichosikia ni neno "kijana". Tangu siku ile Bi Mdogo amesahaulika. Anapita karibu naye kila siku kama anavyopita karibu na debe. Wivu wote sasa umepanda lori na kwenda Mbeya, kwa mtu ambaye hajamwona na ambaye, kwa kadiri inavyojulikana, hajamkosea.

"Lutengano," anasema, akiitamka silabi moja moja kama anayepima ubao wenye shaka. "Atatia msumari huyo. Vijana wa siku hizi hupenda msumari. Mimi sikutia msumari hata mmoja, kila kiungo kina ulimi na tundu lake."

Siku hizi anachonga fito za kuanikia tumbaku na masanduku ya kufungia mzigo. Mshahara haukupunguzwa. Muhidini amerudia kumsalimia, na hilo nalo limekuwa mateso. "Ananisalimia mara tatu kwa siku," anasema Sedekia. "Mtu akikushinda, salamu zake huwa ndefu."

Mipango anayo. Mabasi ya njia ya Mbeya yanahitaji bodi za mbao, na yeye angependa kurudi Mafinga, karibu na viwanda vya mbao vya Sao Hill, afungue karakana yake. Amekwisha kuchora bodi ya kwanza kwa kalamu ya risasi nyuma ya kalenda. Nyembamba, anasisitiza. Kila nguzo ameandika uzito wake.

Lakini kwanza, Desemba akipewa likizo, atapanda lori la mbao Mafinga, apite Nyololo, afike Mbeya. Hatachukua zana. Kidole kinatosha.

"Nitamgonga kidogo tu, mlango wa kushoto," anasema. "Nikisikia sauti ya msumari, nitajua. Nikisikia ni mzima, nitampa kijana mkono, na furaha yenyewe itanijia Januari, nikiwa nimerudi nyumbani."

Atuganile anamsikiliza akiwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, upande ule usioyumba. Kwao Tukuyu ni mbele kidogo tu ya Mbeya, na mumewe hajafika kwa wakwe zake kwa miaka sita. Ameulizwa kama atamwacha aende.

"Nitakwenda naye," anasema. "Nataka nimwone mwanamke huyo kwa macho yangu, akiwa kwa mume mwingine."