Kirikuu Lililogoma Kila Asubuhi Isipokuwa Jumatatu

Esnath hakuwahi kununua kitu bila kukijaribu, iwe mbuzi, iwe beseni. Hata mumewe, Gideoni, alimchumbia msimu mzima wa viazi kabla hajajibiwa. Kwa hiyo kirikuu lake, kigari cha kubebea viazi, lilipoanza kugoma asubuhi za baridi, kilichomuuma zaidi ni kuambiwa kwamba ugonjwa haupo.

"Mama, breki zako nzima," fundi Zabron wa Ilomba, kule mjini, alimwambia tena, jua likiwa utosini na gari likizunguka uwanja wa gereji kama ndama aliyeshiba. Alishabadilisha viatu vya breki, akamwaga mafuta ya breki na kuweka mapya. Esnath akapanda nalo milimani hadi nyumbani. Kesho yake majani yaliamka meupe kwa sakitu, umande ulioganda. Injini ikawaka vizuri, gia ikaingia, gari likasogea kidogo huku likiburuta tairi la nyuma kushoto kama mbuzi anayejua anakopelekwa.

Kwa mwuza viazi, kuchelewa sokoni ni kufika kwa ajili ya mabaki ya wateja. Gideoni, mzee wa kanisa asiyependa maneno ya watu, alichoka. Akapatana na Asukile, mchuuzi wa magari yaliyotumika na vipuri, aje Alhamisi asubuhi alichukue kwa bei ya kutupa.

"Jumatatu tu ndiyo haligomi," Gideoni alisema. "Majirani wanasema ni baraka ya ibada. Sasa gari la siku moja kwa wiki la nini, Mama Ezron?"

Esnath alianza kuzipitia siku moja moja. Gunia likioza upande mmoja, hulaumu shamba. Unauliza upande ule ulilalia nini. Jumapili gari lilikwenda kanisani jua likishapanda, likapita barabara kavu, likarudi safi, likaachwa lilivyo. Siku nyingine lilirudi na matope ya shambani, na pale kijijini gari kulala na matope ni aibu ya nyumba nzima. Gideoni alikuwa akiliingiza kijitoni, analiosha juu na chini mpaka linang'aa, kisha analipandisha uani likichuruzika. Na kwa kuwa ua wao umeinama, alivuta breki ya mkono mpaka ilie.

Esnath akampigia Zabron simu. "Gari langu linaumwa alfajiri, wewe unalipima mchana. Jumatano njoo ulale kwetu."

"Mama, huko juu baridi hiyo!"

"Ndiyo ninayotaka ikuone. Ukiupata ugonjwa, kijiji kizima nakuletea magari yao. Usipoupata, utakuwa umekula kuku wangu bure."

Zabron akaja. Jioni hiyo Esnath akamwambia mumewe, "Baba Ezron, lioshe kama kawaida."

"Gari la kuuza kesho?"

"Lioshe kabisa. Mnunuzi apendezwe."

Alhamisi Asukile alifika kwa bodaboda mapema, mikono kwapani, kamba ya kuvutia gari begani.

"Umekuja na kamba kama unachukua ng'ombe," Esnath alimkaribisha. "Sikiliza, bwana Asukile. Likitoka hapa lenyewe kabla jua halijafika uani, hakuna biashara."

Asukile akacheka mpaka mvuke ukamtoka puani. "Shemeji, likitoka, kifaa chochote kilichoharibika natoa dukani kwangu bure."

"Umesema mbele ya mzee wa kanisa."

Zabron aliweka mawe kwenye matairi, akashusha breki ya mkono, akainua nyuma kwa jeki. Tairi la kulia likazunguka. La kushoto likakaa kimya.

"Drami, hili bakuli la breki, imeganda. Nifungue," alisema.

"Bado." Esnath alikuja na birika la maji ya moto kiasi. "Mwagia hapo kwenye drami kwanza."

Akamwaga. Tairi halikutikisika. Asukile akaanza kukunjua kamba yake.

"Sasa fuata kebo ya breki ya mkono, polepole."

Zabron alilala juu ya gunia, akamwaga akienda nyuma. Kebo ilipopinda karibu na gurudumu, mpira wake ulikuwa umepasuka. Maji yalipofika pale ikasikika *tak!* Akasukuma tairi kwa kidole, likazunguka.

"Maji!" Zabron alipiga kelele akiwa bado chini. "Yanaingia kwenye huu mpasuko mkiosha, sakitu inayashika humo ndani, kebo hairudi! Ukifika gereji kwangu, jua limeshayeyusha ushahidi wote."

Gideoni aliangalia mikono yake. "Kumbe ni mimi."

"Si wewe, ni usafi wako," Esnath alimjibu. "Kuanzia leo, jioni za baridi lioshe juu tu. Likilala, gia na mawe. Breki ya mkono iache ipumzike."

Zabron akailegeza kebo, akashuka na kupanda na gari uani, akikanyaga breki ya mguu mara kwa mara. Ilishika sawasawa. Jua lilikuwa bado upande wa pili wa kilima.

"Bwana Asukile," Esnath aliita kutoka ghalani, "hiyo kamba isiende bure. Funga nayo mzigo. Kisha shika gunia upande huo."

Asukile akashika. Angefanya nini? Bodaboda yake ilishaondoka, na kiti cha kumrudisha mjini kilikuwa cha Esnath.

Walifika Ilomba wakati wauzaji wengine ndio kwanza wanatandika maturubai. Esnath alisimamisha gari mbele ya duka la Asukile, hakuzima injini. Kutoka upande wa soko mwanamke mmoja aliona viazi, akaja mbio akiuliza bei, na nyuma yake wengine wawili.

"Ngojeni kidogo, jamani, viazi haviendi popote," Esnath aliwaambia, kisha akapaza sauti kuelekea dukani. "Asukile! Kebo mpya, bwana, siyo iliyotumika! Na fanya haraka, wateja wangu wameshafika."