Ndafu wa Tumpe

Siku ile uani kwetu tulikuwa watu watano. Mimi, binti wa miaka kumi na minne. Mdogo wangu Lusajo, wa kumi na mmoja. Kitinda mimba wetu Tumpe, wa saba. Baba mdogo, aliyekuja na bodaboda kutoka Kasumulu. Na Mzee Rajabu, mchinjaji wa Mbugani, ambaye watu wa kwetu humwita kwenye kila shughuli ili Wakristo na Waislamu wale chungu kimoja. Wa sita alikuwa beberu. Mpaka leo mvua ikikatika, ile harufu ya beberu ikapanda kutoka bandani, nzito, inayoshika nguo na nywele, nawaona wote palepale walipokuwa wamesimama.

Beberu yule Mama alimleta kwa mtumbwi kutoka Ikombe, akiwa bado mdogo wa kupakatwa. Alimpata kwa rafiki yake mfinyanzi, kwa madebe mawili ya mchele. Alirudi na chungu mkono huu na mbuzi mkono huu, amelowa hadi kiunoni, anacheka. "Mbuzi wetu wote ni ndugu," alituambia. "Wakizidi kuoana wenyewe kwa wenyewe watatuzalia panya." Tukamwita Mzee wa Kanisa, kwa sababu ya ndevu zake na ule mwendo wa kutoharakishwa na mtu.

Baba alifariki mwaka uliofuata, Mama akamfuata baada ya miezi michache. Nikaacha shule nikiwa darasa la sita. Siwaambii hivyo ili mnionee huruma. Kazi ilikuwepo, na mimi niliijua. Banda letu limesimama juu ya nguzo, sakafu yake mianzi iliyopasuliwa, maana Kyela maji yakijaa, mbuzi anayelala chini kwato zake huoza. Samadi inadondoka yenyewe, sisi tunaizoa na kuipeleka kwenye migomba na kakao. Madume wote nilimwita jirani awahasi wakiwa wadogo, wanenepe wawe ndafu, wa kuuzwa kwa nyama. Mzee wa Kanisa peke yake ndiye aliyeachwa. Majirani walimletea majike yao, na jike likishika mimba, mwenyewe alikuja kutulimia siku moja kwenye shamba la mpunga. Hivyo ndivyo watoto watatu tulivyopata wali. Yule beberu alikuwa na mikono ya watu kumi.

Halafu alikuwepo dume mwingine, Bwana Shamba. Huyu mama yake alikufa akimzaa, Tumpe akamnywesha maziwa ya ng'ombe kwa chupa ya soda mpaka akapata meno, na meno hayo aliyaanzia kwenye miche ya kakao ya jirani, akiikagua mmoja mmoja. Ndipo alipopata jina. Tulimhasi kama wengine, akanenepa kuliko wengine. Nilimwambia Tumpe kwa kinywa changu: "Huyu ni wako. Hakuna wa kumgusa mpaka wewe useme." Akalishika neno hilo kama watoto wanavyoshika.

Baba mdogo alikuwa ametuma salamu kwa simu ya jirani: Jumamosi wageni wa posa ya binti yake wanakuja, na yeye atafuata mbuzi wa marehemu kaka yake, yule mkubwa. Nilijua ni nani. Nilijua pia kwamba mtu wa mjini huchagua mbuzi kwa macho. Kwa hiyo asubuhi ile nilimfungulia Mzee wa Kanisa akae na majike mawili yaliyokuwa yanataka dume. Beberu akiwa katika hali hiyo hujikojolea ndevu na kifua, ndiyo manukato yake. Saa nne alikuwa amejipamba vya kutosha.

Baba mdogo alizunguka banda na viatu vyake vinavyong'aa, akanyoosha kidole. "Huyu."

"Baba mdogo, huyo ni wa mbegu," nikasema.

"Mbegu ni mpunga. Huyu ni nyama. Niwape wakwe kitoto cha mbuzi, waseme binti yangu katoka kwa mafukara?"

"Nyama yake itanuka."

"Mbuzi gani hanuki? Hata wewe unanuka mbuzi."

Lusajo alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Baba mdogo akaingia kumshika pembe mwenyewe. Mzee wa Kanisa hakupigana. Alimsogelea, akamsugulia ndevu kwenye shati jeupe, taratibu, kama mtu anayefuta mikono kwenye taulo.

"Eh, bwana mkubwa!" Mzee Rajabu aliziba pua kwa kofia yake. "Leo mkeo atakuuliza ulikuwa na nani. Mtoto anasema kweli. Ukilipika dume hili, wakwe watakula wamebana pua, na mahari wataondoka nayo."

Baba mdogo alijinusa kifua. Akatoka. "Basi nipe aliyenona asiyenuka."

Nilinyoosha kidole. Aliyenona asiyenuka alikuwa mmoja.

Bwana Shamba alikataa kamba. Alipiga mateke, akalala chini, wanaume wawili wakashindwa. Nikamwambia Tumpe, "Mpeleke." Akatembea mbele, na mbuzi akainuka akamfuata, kama alivyomfuata siku zote, hadi barabarani kwenye bodaboda.

"Anaitwa nani, mjukuu wangu?" Mzee Rajabu alimuuliza.

"Bwana Shamba."

Mzee Rajabu hakutania tena. Baba mdogo alishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga," wakaondoka.

Jioni ile nilijisikia mkubwa. Nilimsimulia Lusajo mara tatu jinsi nilivyomshinda mtu mzima, na sikumtazama Tumpe aliyekuwa akiosha chupa ya soda. Beberu aliishi miaka minne zaidi. Watoto wake wamejaa mabanda ya jirani, na hao wa kwetu ndio waliowasomesha wadogo zangu wote wawili. Sijutii kumlinda. Ningemlinda tena leo.

Lakini nilichelewa sana kuona kwamba siku ile kidole kilinyooshwa mara mbili. Baba mdogo alininyooshea mimi kwa sababu ni mkubwa wangu, nikaona ananionea. Dakika chache baadaye nikamnyooshea mdogo wangu. Tumpe alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Ningeweza kumuuliza. Pengine angekubali.

Siku hizi ana duka lake la mchele Mbugani. Desemba iliyopita alikuja, nikafungua mlango wa banda, nikamwambia kama ninavyomwambia kila mwaka: "Mdogo wangu, chagua. Yeyote."

Aliwatazama wote kumi na tisa. Akamkuna beberu wa sasa kwenye paji la uso, akanusa vidole vyake, akacheka.

"Hukuniuliza, Dada," alisema, bila hasira. "Mbuzi nilikusamehe zamani."

Kisha akafunga mlango kwa mkono wake, akabeba mkungu wa ndizi niliomkatia, akashika njia ya barabarani, ile ile. Mbuzi wote kumi na tisa wakabaki kwangu.