Tulivyomfuata Koku Mpaka Bukoba

Baba yangu alikuwa na ng'ombe mweupe, mkaidi sana. Jioni moja akapotea. Tulisimama ukingoni mwa bonde, jua linazama, linatupiga machoni, tukamwita mpaka makoo yakakauka. Asubuhi tukamkuta upande wa pili wa bonde, anamaliza maharage ya mama. Baba akasema alikuwa mbele yetu muda wote, ila jua lilimficha. Mama hakutaka habari za jua, alitaka maharage yake. Ng'ombe huyo tulikuja kumchinja kwenye harusi ya dada yangu Koku, akawa na nyama ngumu, nayo harusi hiyo ndiyo iliyonipa shemeji, Ishengoma. Na Ishengoma ndiye aliyenitoa nyumbani nikiwa na magoti haya.

Tangu tumzike Koku, jioni tulikuwa tunakaa wawili kwenye gogo nyuma ya jiko lake, hapa Nshamba, tunakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Jua likizama tu, inatokea nyota moja kubwa juu ya migomba. Ishengoma akaiita Koku. Akawa anaisalimu, anaipa habari za kibanja: ndizi ipi imekomaa, mbuzi yupi ameharibu. Sikumcheka. Na mimi nilikuwa nasikiliza kama itajibu.

Halafu nyota ikaanza kushuka. Kila jioni chini kidogo, chini kidogo, mwisho haipo. Ishengoma akaacha kula. Watoto wake wakanijia kwa ajili ya baba yao: "Mjomba, tata atatufia." Mjukuu wangu anayekaa Bukoba akaniambia kwenye simu kwamba jirani yake ni mwalimu mwenye darubini, anaitwa Zainabu, na mambo ya angani anayajua. Nikamwambia shemeji avae koti.

Muleba tulifika asubuhi, tukasubiri basi. Ishengoma alikuwa amekumbatia kahawa ya kutafuna, punje zilizochemshwa na kukaushwa, amezifunga kwenye jani la mgomba. Kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu. Mkata tiketi akatuuliza, "Wazee wangu, mnakwenda kutibiwa?"

"Namfuata mke wangu," Ishengoma akasema.

"Ametoroka?"

"Amezama."

Kijana wa watu akashika kofia yake, akatupa pole. Nikaona kumweleza kutatuchelewesha, nikapokea pole.

Kemondo ziwa likaonekana. Mimi nilitaka kuzungumza habari za samaki, mwenzangu anatazama angani mchana kweupe.

Bukoba tulimkuta mwalimu Zainabu uani kwake. Shikamoo, marahaba, chai ya tangawizi. Ishengoma akamkabidhi kahawa, akauliza hata kabla ya kukalia kiti vizuri: "Mwanangu, nyota yangu imekwenda wapi?"

Mwalimu hakucheka. Alimuuliza ilikuwa inaonekana wapi, saa ngapi, ina mwanga gani. Kisha akasema, "Babu, hiyo si nyota. Ni sayari, jina lake Zuhura. Nyota ina moto wake, kama Jua. Sayari inaazima mwanga wa Jua."

"Inaazima?" Ishengoma akakunja uso. "Koku hakuazima hata chumvi."

Mwalimu akaweka chungwa katikati ya meza, hilo Jua. Akafungua kahawa yetu, akapanga punje kulizunguka: Zebaki karibu kabisa, halafu Zuhura, halafu Dunia yetu, halafu Mirihi. Akamsogezea shemeji ile punje ya tatu. "Na hapa ndipo tunapokaa sisi."

Sasa, Mhaya ukimsogezea punje ya kahawa, anafanyaje? Kuikataa ni matusi. Ishengoma akainama kwa heshima, akashukuru, akaitia mdomoni.

"Waitu, shemeji!" nikapiga kelele. "Umetafuna Dunia na sisi tumo ndani!"

Mwalimu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ushungi. Na Ishengoma akacheka. Tangu msiba sikuwa nimeyaona meno yake.

Mwalimu akaweka Dunia nyingine. "Hii usile, babu." Akaisukuma Zuhura kwa kidole taratibu, ikapita kati ya Dunia na chungwa. "Ikifika hapa Jua linatupiga machoni, hatuioni. Haijapotea."

"Ng'ombe wa baba!" nikasema. Ikabidi niwaeleze habari ya ng'ombe, na ya maharage pia.

Ishengoma aliuliza jambo moja tu: kuna mtu amewahi kufika huko? Mwalimu akasema mwanaanga hajafika, ila vyombo vilirushwa kwa roketi, vikatua, vikakuta mawe, mawingu mazito na joto la tanuri. Havikudumu. Shemeji akasukuma kikombe cha chai pembeni. Nikaogopa tumemvunja moyo.

Alfajiri, tukiwa tumelala kwa mjukuu wangu, mwalimu akatugongea mlango. Darubini ameisimamisha nje, imeelekea ziwani. Hata bila darubini niliiona Zuhura, imeshalipita Jua, inang'aa juu ya maji upande wa mawio. Ishengoma akaweka jicho. Ndani ya darubini, akasema, imekuwa kama mwezi mwandamo, ukucha mwembamba.

Alikaa hapo mpaka kukapambazuka. Kisha akaniambia polepole, "Saa hii ndiyo Koku alikuwa anaamka. Anawasha moto, anafagia. Miaka yote ile sikuwahi kuamka kumwona."

Tulirudi kwa njia ileile. Tulipofika Muleba, Ishengoma akala ndizi sahani nzima, akaomba nyingine. Nilichojifunza mimi ni hicho cha mawe na joto. Alichojifunza yeye sijui kama kina jina kwa mwalimu.

Jioni, Nshamba, nikamimina rubisi, tukakaa kwenye gogo letu. Akanywa funda moja, akaweka kibuyu chini.

"Mwalimu amesema miezi ikipita itarudi jioni," nikamkumbusha.

"Jioni nilikuwa naye siku zote, shemeji. Alfajiri ndiyo simjui." Akasimama, akajikung'uta koti. "Nakwenda kulala mapema, niamke naye."

Akapita katikati ya migomba, na kwenye gogo lile hajarudi tena.