Mtu wa Kumbeba Fundi Lemburis

Fundi Lemburis hakuwa mtu wa kuupokea mkono kabla hajajua ulikotoka. Katika chumba chake cha kupanga, Daraja Mbili, karibu na korongo literemshalo maji ya Mlima Meru, alitengeneza redio na simu akiwa kwenye kiti cha magurudumu, uso kauelekeza mlangoni. Miguu ilimfia alipoanguka kutoka juu ya paa. Tangu hapo alijizoeza kuwasoma watu kwa jinsi walivyoingia.

Masika yalipokaribia, Jackline, mhudumu wa shirika lililompatia kiti kile, alimjia na swali.

"Shikamoo, baba. Mafuriko yakija, nani atakutoa humu?"

"Marahaba. Kuna anayetaka nitoke?"

Jackline alicheka peke yake. Akaeleza kwamba kila wanayemhudumia anapaswa kuwa na watu wawili waliokubali kumwokoa, wanaojua namna ya kumbeba na mahali ulipo ufunguo wa akiba. Jirani wa ukutani, Jamaludin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa tayari.

"Tayari kwa lipi?" Lemburis aliuliza.

Alikuwa na sababu. Mwaka uliopita Jamaludin alimwendea mwenye nyumba, akakiomba chumba hicho kiwe stoo. Fisi hakabidhiwi bucha. Isitoshe, Lemburis alilelewa Kiarusha: mwanamume akianguka, huinuliwa na wanarika wake, wale waliotahiriwa pamoja. Kumpa mtu mwingine kazi hiyo ni kutangaza kwamba rika lako limekwisha. Akawataja Lengai na Sankale. Ufunguo akampelekea Lengai.

"Lakini baba, hao wako Nduruma."

"Rika halina umbali."

Masika yakaingia. Siku moja mvua ilipiga tangu alfajiri, na mchana korongo likafurika. Maji ya tope yalipita uchochoroni yakikokota mabati, yakaanza kuingia chini ya mlango. Kiti kisingefika popote. Lemburis akampigia Lengai.

"Rika yangu, tumekwama," Lengai alisema, sauti ikikatika. "Barabara imefunikwa. Huna jirani?"

Swali hilo lilimuuma kuliko ubaridi uliokuwa ukimpanda miguuni asikousikia. Kabla hajajibu, mlango uligongwa.

"Fundi, fungua."

"Umefuata nini, Jamaludin?"

"Nimefuata redio yangu. Unadhani nimefuata nini? Fungua komeo."

"Si ulitaka chumba? Subiri kidogo, utakipata."

Jamaludin aliacha kugonga.

"Nakitaka," Jamaludin alisema. "Sikatai. Nilimwambia mwenye nyumba, na nitamwambia tena. Lakini nakitaka kikiwa kikavu, na wewe ukiwa hai, uniambie mwenyewe kwamba unahama. Chumba cha maiti nitakifanyia nini? Hata saruji yangu itaogopa kulala humo."

Lemburis alikaa akiyapima maneno hayo. Angeapa kwamba hakitaki chumba, komeo lisingefunguliwa. Mwongo angeapa. Akalivuta.

Jamaludin aliingia akiwa amelowa hadi kiunoni, akamkamata kwapani na kumvuta kama gunia. Miguu ya Lemburis ikakakamaa, wote wawili wakayumba.

"Acha. Hivyo utanivunja. Geuka, chuchumaa, nikushike shingo. Sasa pitisha mikono chini ya mapaja."

"Ungesema mapema."

"Ningekwambia mapema kwa sababu gani?"

Akapandishwa hadi ghorofa ya duka, mdomo wake karibu na sikio la mtu ambaye kwa mwaka mzima hakuwa amemsalimu.

Maji yalipopungua, Jackline alirudi kuandaa mpango upya. Jamaludin alikuwa mlangoni akikwangua tope.

"Andika huyu," Lemburis alisema bila kumtazama. "Tena aje hapa mnifundishie vizuri, ana mikono migumu."

"Na ufunguo ulioko kwa Lengai, baba, apewe?"

Lemburis alijua kwamba mpango bila ufunguo ni maneno matupu. Alijua pia kwamba mtu aweza kukubeba leo na kesho akakuhamisha. Yote mawili yalikuwa kweli, wala hakuona namna ya kuliondoa moja.

"Apewe," alisema hatimaye. "Lakini kwanza nipigie mwenye nyumba. Nataka mkataba wangu usomwe, huyu akisikia."

"Usomwe kwa sauti," Jamaludin alisema, akiendelea kukwangua. "Mimi pia nataka kujua unaisha lini."