Kengele Haikulia kwa Mama

Kring, kring. Hapa Migori mjini kuna mzee anayeuza mikate kwa baiskeli, na kila akipita mbele ya duka ninaposhona nguo, kengele yake inanifanya nisimamishe cherehani. Mguu unaganda. Mwenye duka hudhani nimechoka. Sijachoka. Niko Sindo, kwetu kando ya ziwa, bado mtoto wa shule ya msingi, nimekaa kwenye sakafu ya ukumbi wa soko, nangoja kengele kama hiyo ilie kwa ajili ya mama yangu.

Wacha nikueleze vizuri. Kabla sijazaliwa, wanakwaya wa Sindo walitunga mchezo wa nyimbo, wakauita Sufuria Moja. Ni hadithi ya familia kubwa inayopikia sufuria moja, mpaka siku sufuria inaibwa na kila mtu anaanza kumshuku mwenzake. Mchezo ulipendwa sana. Ule wimbo wa mwisho, ambao mama wa familia anawaita watoto mmoja mmoja warudi kula, akina mama waliubeba mpaka majumbani. Hata mimi niliitwa nao jioni nikiwa na matope mpaka masikioni, wala sikujua ulitoka wapi.

Aliyeuimba zamani hizo alikuwa Atieno, dada mkubwa wa mama. Sikumwona. Alifariki mama akiwa bado msichana, na baada yake mchezo ukalala. Hakuna aliyeukataza, ila hakuna aliyetaka kuvaa kitenge chake.

Basi mwaka huo Mwalimu Ouma, ambaye utotoni aliigiza mwizi wa sufuria, akaamua kuufufua. Alimwomba mama aimbe. Mama alikataa, akakataa tena, halafu asubuhi moja akianika dagaa wa omena nikamsikia anaimba chini chini, kama mtu anayeonja mboga. Alienda kwa dani, yaani nyanya yangu mzaa mama, akarudi na kile kitenge kikinuka dawa ya nondo. Alipokuwa anakifunga kiunoni alimwambia baba, na mimi nilikuwa chini ya meza na paka, "Naimba mara moja tu. Kengele isipolia, narudisha kitenge. Homa Bay waende na mwingine."

Mpango ulikuwa hivyo, mchezo ukipendwa Sindo upelekwe mjini Homa Bay.

Sasa hiyo kengele. Sisi Wajaluo mtu akiimba vizuri hatungoji amalize. Tunamsimamisha. Unaweka kitu kwenye kikapu, unajisifu au unamsifu mtu wako kwa majina yake yote, halafu muziki unaendelea pale ulipokatwa. Tunaita pakruok. Katika Sufuria Moja, tangu zamani, kando ya jukwaa kulisimamishwa mti mkavu uliofungwa kengele ya baiskeli, na kikapu chini yake. Ukitaka kusema, unaipiga. Wazee walikuwa wakituambia wimbo wa Atieno ulikatizwa mpaka giza likaingia kabla watoto wa mchezo hawajapata chakula.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa hadi madirishani. Nilikaa mbele kabisa, magoti yangu yakigusa mbao za jukwaa. Alitokea mjomba mlevi wa mchezo, kengele ikalia. Omosh wa bodaboda alisimama akasema, "Mimi ndiye Omosh, mkwe wa kijiji kizima cha Kisegi, pikipiki yangu hainywi mafuta, inanusa tu." Watu wakaanguka kwa kicheko. Mwizi alipoimba, ikalia. Kuna mbuzi aliyeingizwa jukwaani akakataa kutoka, na hata yeye alipigiwa kengele.

Halafu mama akatoka na mwiko. Akaanza kuwaita watoto.

Nilijua kila neno, lakini siku hiyo niliusikia kama mara ya kwanza. Sauti yake ilipanda taratibu, ikafika kwa yule mtoto wa mwisho ambaye haitiki. Niligeuka kuangalia kengele. Hakuna mkono. Nikageuka kuangalia watu. Wamekaa tu, kama watu wanaonyeshewa mvua na hawana pa kukimbilia. Dani alikuwa amejifunika leso usoni. Wimbo ukaisha mzima, bila kukatizwa hata mara moja. Mama alisimama kidogo na mwiko wake, akaangalia ule mti, akaingia ndani.

Nilichanganyikiwa. Kama mbuzi alipigiwa, mama alikosa nini? Basi nikaanza kuuliza, maana nilidhani watu wazima wanajua walichokiona.

Mama Risper wa mandazi alisema wameuharibu mchezo. Nikamuuliza sehemu gani. Ile ya mwisho, akasema. Kwa hivyo mama aliimba vibaya? "Nani amesema aliimba vibaya? Shika mandazi, uende." Macho yake yalikuwa mekundu, na moshi wa jiko ulikuwa unaenda upande ule mwingine.

Omosh na wenzake walisema mlevi ndiye alibeba mchezo, ule wimbo wa mwisho ulikuwa wa kulaza watoto. Lakini nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akipangusa pua na mkono wa jaketi.

Bwana Hassan, mwenye duka la vitambaa, alitoka Isiolo na hakuwahi kuuona mchezo huo. Yeye aliniambia hajasikia kitu kizuri kama kile tangu ahamie ziwani. Sasa mbona hukupiga kengele? "Niliangalia wenyeji, wenyeji wakakaa. Nikadhani ni sala, binti yangu."

Nikamwendea dani. Alisema wimbo ule haukuwa wa kukatizwa. Nikamwambia lakini wakati wa Atieno mliukatiza. Aliangalia ziwa, kisha akaniambia nikachote maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Jioni hiyo hiyo mama alikunja kitenge, akakipeleka kwa dani.

Kukuondolea wasiwasi, Homa Bay alienda. Dani mwenyewe alikirudisha kile kitenge na kukaa kwetu mpaka mama akakubali. Kule kengele ililia mpaka ikalegea. Mama alirudi amekauka sauti, anacheka, na bado anauliza kwa nini wageni wamempenda na watu wa kwao wamemnyima kengele. Wakati huo hata mimi sikuelewa.

Miaka ilipita ndipo nikaelewa, na si kwa akili nyingi, ni kwa kukaa kwenye cherehani na kufikiria. Pakruok inataka jina. Huwezi kusimama na kumsifu mtu bila kumtaja. Siku ile Sindo walikuwa wanamwona mama, lakini wanamsikia Atieno. Ungepiga kengele umtaje nani? Ukimtaja aliye hai, unamruka yule. Ukimtaja aliyekufa, unamfuta huyu aliyesimama mbele yako na mwiko. Wakakaa. Watu wa Homa Bay hawakuwa na Atieno masikioni, walimsikia mama yangu, Adhiambo, peke yake.

Lakini mimi pia sikuwa na Atieno masikioni. Sauti niliyoijua ilikuwa moja tu.

Kesho yake baada ya mchezo ule wa Sindo, Jumapili, watu wakiwa kanisani, nilichomoka nikaenda ukumbini. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Viti vilikuwa vimepandana, sakafu ina maganda ya njugu, na ule mti ulikuwa bado pale na kengele yake. Niliburuta kiti kimoja nikapanda. Nikatia kikapuni nusu ya mandazi ya Mama Risper iliyobaki mfukoni. Nikapiga, kring, kring, mpaka njiwa wakaruka kutoka kwenye mabati.

"Mimi ni mtoto wa Adhiambo," nikaviambia viti. "Adhiambo nyar Sindo, binti wa Sindo, anayeanika omena, akiniita nasikia hata nikiwa ziwani."

Sikujua majina mengine ya kumpa. Nikashuka, nikakaa chini pale pale nilipokaa jana, nikanyamaza ili wimbo uendelee.