Picha za Singo ya Zuhura

Siku ninayoicheka mpaka leo, mwanangu, ni ile Jumapili Zuhura alipopigiwa simu na mama yake kutoka Tanga. Umeniomba nikuangalizie hiyo tovuti yako ya picha za harusi, na nitaiangalia, lakini nisikilize kwanza.

Tulikuwa wanafunzi Richardson, hapa kando ya Dallas, miaka ile ya elfu mbili na kitu, wasichana watatu nyumba moja. Mimi nilisomea kompyuta na nilijiona fundi kwelikweli. Zuhura alikuwa anaolewa Houston, na kabla hajaenda tukamfanyia singo, ile shughuli ya kumsugua bibi harusi manukato: liwa ya msandali mwili mzima, nywele wazi, khanga kifuani, wanawake watupu. Singo haipigwi picha, unajua. Lakini mama yake alikuwa amenyimwa viza, kwa hiyo Zuhura akakubali tupige kwa ajili yake na wale waliokuwepo, basi.

Nikamwambia, "Tulia, nita-upload na password. Hakuna mwanamume atakayeziona."

Nikaziweka kwenye tovuti niliyoitengeneza mwenyewe. Ukurasa wa picha uliomba neno la siri kweli. Ila picha zenyewe nilizitupa kwenye folda ileile ya nembo na mapambo ya tovuti, folda ambayo seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, hutoa mafaili yake kwa yeyote anayetaja anwani, bila kumuuliza yeye ni nani. Sikulijali hilo, maana nilidhani kila mtu atapitia kwenye ukurasa.

Mama akasahau neno la siri. Shangazi Mwanaidi, aliyekuwa mkubwa wetu sote hapa Dallas na aliyekuwepo singoni, akamhurumia. Akanakili anwani za picha, akamtumia kwa barua pepe. Ndipo simu ikaja, tukiwa jikoni pamoja na Shangazi, na Zuhura akaiweka spika tusikie wote.

"Mwanangu, umependeza!" mama akashangilia. "Nimebofya tu zikafunguka. Hata mwenye kafe ya intaneti kasema mashallah!"

Zuhura akakiweka kikombe chini. "Mwenye kafe... mwanamume?"

"Ndiye aliyenifungulia barua pepe, mwanangu."

Sijapata kuona aibu kama ile. Zuhura hakunigombeza. Aliniangalia tu, akasema polepole, "Si uli-promise?" Ikaniuma kuliko tusi. Aliyenifokea ni Shangazi, palepale jikoni.

"Kutuma nimekosa mimi, na nitaomba radhi. Lakini wewe! Umeweka askari mlangoni mwa ukumbi, sinia la pilau umeliacha barabarani. Halafu unamwambia mwenye shughuli atulie?"

Nikaziondoa picha saa ileile, nikaanza upya. Nembo, maua na mapambo nikayaacha kwenye folda ya wazi, kwani hayana siri na seva huyatoa haraka. Picha za Zuhura nikazihamishia folda isiyofikika kutoka nje. Anayetaka moja sharti aiombe programu yenyewe, nayo inaangalia kwanza ni nani na kama alialikwa singoni, ndipo imtolee. Inafanya hivyo kwa kila picha, kila mara.

Kisha nikamkalisha Zuhura kwenye kompyuta bila kuingia kwa jina lake. Akajaribu anwani za zamani, akajaribu na mpya. Zote zikamkatalia, akaanza kucheka.

"Yaani mimi mwenyewe bibi harusi nimenyimwa!"

Mama tukamtengenezea neno la siri jepesi kukumbuka, na Shangazi akatoa amri kwa simu: akae kwenye kompyuta ya pembeni, na mdogo wake, mama mdogo wa Zuhura, asimame nyuma ya kiti ametandaza khanga. Tuliambiwa mwenye kafe aliuliza kwa hofu kama kuna mtu anajifungua.

Basi mwanangu, nakuusia. Picha ya ua iweke popote. Picha ya mtu aliyekuamini usiifiche nyuma ya ukurasa ukaridhika. Hakikisha programu inauliza kila faili linapoombwa. Na kabla hujamwambia mtu atulie, toka, rudi kama mgeni asiye na jina, ujaribu kila anwani mwenyewe.

Zuhura alipofunga ndoa Houston, picha za harusi nzima alinikabidhi mimi, pamoja na zile za wanawake. Mungu akujaalie ufundi, mwanangu, na siku utakayoteleza, akujaalie mtu wa kukuamini mara ya pili.